Mabati yanatoka jasho na dari imeota kuvu: nimekosea wapi?

Muulizaji, Malindi
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwaka jana niliezeka nyumba kwa mabati, nikapiga dari ya jipsamu, na kwa kuwa joto la kaskazi lilikuwa halilaliki, nikatandaza nailoni juu ya dari na juu yake magodoro ya nyuzi za kioo, kama alivyoonyesha fundi wa Kanada kwenye video. Tangu masika, kila asubuhi naona maduara ya rangi ya chai kwenye dari, na nilipopanda nikayabonyeza magodoro, yalitoa maji kama sifongo. Paa halivuji, nimekagua msumari mmoja mmoja. Vyumba vina viyoyozi. Maji haya yanatoka wapi?

Fundi, Lamu
Wa aleikum salaam. Yanatoka hewani. Usiku mbingu ikiwa wazi, bati hupoteza joto hadi likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, na hewa ya pwani imejaa mvuke, basi umande hushika upande wa ndani na kudondoka.

Linalonisikitisha zaidi ni nailoni, kwa sababu kosa hili naliona mara kwa mara. Kanada mvuke hutoka chumbani penye joto ukaelekea nje kwenye baridi, ndiyo maana huzuiwa upande wa chumbani. Kwetu, chumba kikipozwa, mvuke hutoka nje kuja ndani, ukaikuta nailoni imepoa, ukageuka maji hapo hapo katikati ya magodoro.

Iondoe. Magodoro yaliyolowa na kulala bapa yatupe, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Kisha funga karatasi ya alumini chini ya mabati, uso unaong'aa ukitazama chini, ukiacha nafasi ya sentimita 5 hivi ili hewa ipite na umande uteremke hadi nje ya ukuta. Toboa matundu chini ya upenu na mengine kwenye mgongo wa paa. Makuti yalipumua yenyewe. Bati lazima ulipumulishe.

Mama wa Shela
Matundu hayo yawekee wavu, mwanangu, popo wasihamie. Tena kagua bomba la feni ya bafu: langu lilikuwa likipuliza mvuke wote darini.

Muulizaji, Malindi
Ahsanteni sana. Nimepanda leo, na langu pia limeishia juu ya dari. Nitaanza na bomba na nailoni. Magodoro mapya yatasubiri mbao zikauke.