Je, kijana aliyezaliwa Desemba arudie darasa ili aonekane na makocha wa vyuo?

Swali
Kijana wangu, kiungo wa soka mwenye miaka 14, alizaliwa mwishoni mwa Desemba. Kwa kuwa klabu yake hapa Marekani hupanga vikosi kwa mwaka wa kuzaliwa, yeye ndiye mdogo kuliko wote, na wapo wenzake wanaomzidi karibu miezi 12. Kocha anashauri arudie darasa la nane ili makocha wa vyuo wamkute ameshakomaa. Je, kuna manufaa, au nitampotezea mwaka bure?

Jibu la kwanza
Ndugu mzazi, kocha wa chuo huwapanga anaowafuatilia kwa mwaka wa kuhitimu sekondari, wala si kwa mwaka wa kuzaliwa, na kijana wako kwa sasa anapambana na wengi waliomtangulia darasa moja, ambao kocha huyo hatamlinganisha nao. Zaidi ya hayo, US Youth Soccer na AYSO, mashirika ya soka ya vijana nchini Marekani, zimetangaza kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 rika litahesabiwa kutoka Agosti 1 hadi Julai 31. Kwa hesabu hiyo, mzaliwa wa Desemba ataingia katika nusu ya wakubwa pasipo kurudia darasa lolote. Mimi ningeulizia kwanza klabu yenu inafuata utaratibu gani.

Jibu la pili
Nakubaliana, ila tusijidanganye kuhusu chuoni kwenyewe. Katika hoki ya barafuni ni kawaida mchezaji kuanza chuo akiwa na miaka 20, baada ya kupitia ligi za vijana, na hata katika soka mwanafunzi mpya wa miaka 18 hukabiliana na wenye 22. Mwaka mmoja wa kurudia hauzibi pengo hilo. Isitoshe, majimbo mengi huweka ukomo wa miaka 19 kwa michezo ya sekondari, kwa hiyo someni kanuni za jimbo lenu kabla ya kuamua.

Jibu la tatu
Umri wa cheti ni jambo moja, balehe ni jingine: wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana sana kwa kimo na nguvu. Ndiyo maana baadhi ya akademia za Uingereza zimejaribu kuwapambanisha vijana kwa kuangalia kila mmoja ameshafikia asilimia ngapi ya kimo anachotarajiwa kuwa nacho ukubwani. Kiungo mdogo wa mwili huonekana anapopokea mpira akiwa ameshatazama nyuma yake, na video ikionyesha hilo, andika kwenye video hiyo tarehe ya kuzaliwa pamoja na mwaka wa kuhitimu. Makocha wa daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hawaruhusiwi kumpigia simu kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari, kwa hiyo muda wa kukua bado anao.