Naomba ushauri: maarifa ya jumla kwa watoto wa darasa la sita

Wakuu, habari za jioni. Hapa mtaani kwetu Chang'ombe, Dodoma, nawafundisha watoto maarifa ya jumla wakitoka shule. Miji mikuu wanaitaja kama wimbo, ila ukiwauliza "kwa nini?" kimya. Juzi niliwaambia maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mgandamizo wa hewa ni mdogo. Macho yaliwatoka! Hata niliwasimulia mradi wa Waingereza wa kulima karanga pale Kongwa, ulioanza 1947: mvua haba, udongo mgumu, mradi ukafutwa 1951. Hapo waliuliza maswali mpaka giza likaingia.

Sasa nianzie mambo ya nyumbani ndipo niende duniani, au nifuate ramani bara kwa bara? Na jaribio gani la mgandamizo wa hewa linafaa bila maabara? Walimu mliopo humu, nisaidieni.