Michezo ya farasi ya Wakazakhi: ni ugomvi, ni posa au ni ada?

Mwalimu wa Historia

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita wanafunzi wangu walinionyesha video za michezo ya farasi kutoka Kazakhstan, nyingine zikiwa za Michezo ya Dunia ya Wahamaji iliyofanyika Astana mwezi Septemba 2024. Katika video moja wapanda farasi waligombania kitu kilichofanana na mbuzi asiye na kichwa, wakisukumana na kuinama hadi mikono yao ikagusa vumbi. Katika nyingine msichana alimkimbiza kijana huku akimchapa mjeledi, na watazamaji wakamshangilia msichana. Wanafunzi waliniuliza kama huo ni ugomvi, ni mchezo, au ni jambo linalohusu harusi, nami sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Naomba mwenye kuifahamu jamii ile anieleze mambo haya yanahusianaje na maisha yao.

Nilisoma Almaty

Shikamoo Mwalimu. Niliishi Almaty, jiji la Kazakhstan, miaka minne nikiwa mwanafunzi, na wenzangu walinialika vijijini kwao mara kadhaa, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona pamoja na niliyosimuliwa.

Mchezo wa kwanza huitwa kokpar. Mbuzi huchinjwa na kukatwa kichwa, kisha huwa mzigo wa kilo 30 hivi ambao mpanda farasi anapaswa kuunyanyua kutoka ardhini bila kushuka, kuubana kati ya paja lake na tandiko, na kutoroka nao huku wengine wakimzuia. Katika mashindano rasmi kila timu huwa na wapanda farasi wanne uwanjani, na siku hizi mara nyingi hutumika mfano wa mbuzi uliotengenezwa, ambao pengine ndio walioutazama wanafunzi wako. Namna ya zamani haina timu wala mipaka ya uwanja. Wapanda farasi huweza kufika mamia, kila mmoja akijipigania mwenyewe. Nilipoishuhudia kijijini nilitambua kwamba farasi hucheza sawa na binadamu, kwa sababu hufundishwa kupenya msongamano kwa kifua na kutulia wakati bwana wake ananing'inia ubavuni, mguu mmoja tu ukiwa umemshikilia kwenye tandiko. Mzee aliyenikaribisha alisema kuwa mchungaji asiyeweza kumnyakua kondoo kutoka ardhini farasi akiwa mbioni hakufaa kukabidhiwa kundi. Jirani zao Wakirgizi wana mchezo wa aina hiyohiyo uitwao kok-boru, yaani mbwamwitu wa kijivu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2017.

Mchezo wa pili ni kyz kuu, maana yake kumfukuza msichana, na wanafunzi wako wameona nusu yake ya mwisho. Msichana hutangulia na kijana humfuata kwa kasi. Akimfikia kabla ya alama ya mwisho, ana haki ya kumbusu msichana huyo, farasi wao wakiwa bado wanakwenda shoti. Akishindwa, hugeuka kurudi, na hapo msichana ndiye anayefukuza, akimchapa mjeledi mpaka mahali walipoanzia. Kwa hiyo yule kijana alikuwa ameshindwa, na mjeledi ulikuwa malipo yake halali mbele ya watu wote.

Hilo si posa. Hata hivyo, kwa maoni yangu halieleweki vizuri bila kuijua ada ya zheti ata, yaani mababu saba. Mtoto wa Kikazakhi hufundishwa kuyataja majina ya mababu zake saba wa upande wa baba, na watu wanaokutana katika babu yeyote kati ya hao hawaruhusiwi kuoana. Kijana alilazimika kutafuta mchumba mbali na jamaa zake, na katika nyika ambamo kila ukoo ulihama na mifugo yake, sherehe kubwa zenye michezo ya farasi zilikuwa nafasi adimu ya vijana wa koo tofauti kuonana.

Daktari wa Mifugo

Nashukuru kwa maelezo hayo, lakini kuna upande unaopaswa kutajwa. Katika baiga, yaani mbio ndefu za nyikani ambazo huweza kufika kilomita 25 au zaidi, wapanda farasi kwa desturi huwa ni watoto, kwa sababu uzito mdogo humpunguzia farasi mzigo. Mtoto wa miaka 10 akianguka katikati ya kundi la farasi wanaokwenda shoti, hakuna ada itakayomkinga na kwato. Ninaheshimu mila za watu, na mimi mwenyewe nimekulia katika jamii ya wafugaji, lakini sioni kwamba ukongwe wa desturi unatosha kuwa hoja ya kuiacha kama ilivyo.

Nilisoma Almaty

Nakubaliana nawe kuhusu watoto, Daktari, na wapo Wakazakhi wenyewe wanaodai kofia ngumu na masharti ya umri. Ninaomba tu ieleweke kwa nini wazazi hawaoni jambo geni. Mtoto anapoanza kutembea hufanyiwa tusau kesu: miguu yake hufungwa kwa uzi mweusi na mweupe, kisha mtu anayesifika kwa wepesi na tabia njema huukata ili mtoto apige hatua. Baadaye hupandishwa farasi kwa mara ya kwanza juu ya tandiko la watoto liitwalo ashamai, na jamaa hukusanyika kumwombea dua. Isitoshe, njaa ya mwaka 1930 hadi 1933, iliyotokana na serikali ya Kisovieti kuwanyang'anya wafugaji mifugo na kuwalazimisha kuacha kuhama, iliua karibu watu milioni 1.5. Mtu ambaye bibi yake aliona kundi lote la farasi likitoweka hamtazami mjukuu aliye juu ya tandiko kwa macho yetu.

Mtanga

Nina swali dogo. Nimesikia kwamba Wakazakhi ni Waislamu na wanakula nyama ya farasi. Je, hilo limekaaje?

Nilisoma Almaty

Ni Waislamu wa Sunni wanaofuata madhehebu ya Hanafi. Imamu Abu Hanifa mwenyewe aliichukulia nyama hiyo kuwa makuruhu, yaani isiyopendeza kuliwa, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, waliiruhusu. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, ni halali, kwa hadithi ya Asma binti Abu Bakar iliyomo katika Bukhari. Kwao soseji ya farasi iitwayo kazy ni chakula cha mgeni wa heshima.

Nawe Mwalimu, kama wanafunzi watauliza tena, waeleze pia kuhusu msiba, kwani huko ndiko nilikouona uzito wa farasi kwao. Wao pia husoma arobaini kama sisi, kisha baada ya mwaka hufanya karamu kubwa iitwayo as. Zamani, mwanamume mwenye cheo alipofariki, farasi wake alikatwa manyoya ya shingo na mkia, akaachwa malishoni bila kupandwa na mtu, na mkuki wenye bendera ulisimamishwa kwenye hema la marehemu: nyekundu kama alikuwa kijana, nyeusi kama alikuwa mtu mzima, nyeupe kama alikuwa mzee. Mwaka ulipotimia mkuki ulivunjwa, farasi yule akachinjwa kwa ajili ya karamu, mjane akavua mavazi ya msiba, na baiga ikaanza.