Msimamizi amegoma kusaini utafiti wangu, zimebaki siku tisa. Nifanyeje?

mwana_wa_ntilie:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, tangu Jumatatu usingizi sina.

Mimi ni mwaka wa tatu, ualimu wa sanaa, chuo kimoja cha umma, jina naliacha. Mitihani nimemaliza, sina sapu hata moja, yaani hakuna mtihani wa kurudia, GPA inasoma 3.6. Kimebaki kitu kimoja tu, utafiti. Mada yangu ni utoro wa wanafunzi wa sekondari msimu wa korosho, wilaya ya Newala. Nimeandika kurasa 58, nimepeleka kwa msimamizi wangu, amegoma kusaini. Hasemi kazi ni mbaya. Anasema tu "bado sijaridhika". Juzi ameniuliza kutoka stendi ya Newala hadi shuleni nilipanda nini. Jamani, hilo nalo ni swali la kitaaluma?

Mwisho wa kukusanya ni tarehe 30. Mama yangu ni mama ntilie, ndugu wote ameshawaambia, kitenge cha sare ya mahafali kimeshakatwa. Swali langu: nikitaka kupanda ngazi ya juu yake, naanzia kwa mkuu wa idara au kwa mkuu wa kitivo?

Bi_Hawa_wa_Pili:
Pole sana mdogo wangu. Hapo hakuna cha kuridhika wala nini, huyo baba anakutaka. Usimpe. Rushwa ya ngono ni kosa, soma kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. TAKUKURU piga 113, ni bure. Usiende ofisini kwake jioni, na usiende peke yako.

mwana_wa_ntilie:
Asante dada, ila mimi ni wa kiume na msimamizi ni mama mtu mzima. Hilo halipo.

Mzee_wa_Makambako:
Umenikumbusha mbali kijana. Mwaka wangu wa mwisho kazi tulikuwa tunachapisha kwa taipureta, unalipa kwa ukurasa. Msimamizi wangu alikata mstari mwekundu sura nzima ya tatu, na fedha ya kuchapisha upya sina. Nilibeba matofali wiki mbili pale pale chuoni, walikuwa wanajenga bweni. Yule bwana akanikuta nimechafuka saruji, akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Alinilipia kurasa kumi. Mwaka jana tumemzika, nilisafiri usiku kucha kumwahi. Mvumilie mama yako huyo.

Chaki_na_Vumbi:
Mkishamaliza mnakuja kwetu kufundisha, hamjui hata kuandaa andalio la somo. Nafundisha mwaka wa 11 sasa, mshahara wa msingi unakatwa asilimia 15 ya bodi ya mikopo, na bado shahada yangu naiheshimu kwa sababu niliitolea jasho. Mwalimu wako akikuuliza swali, lijibu. Ulipanda nini?

Mhadhiri_Kimya:
Nami nauliza hilo hilo. Nasimamia wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na hatugomi kusaini kwa sababu ya barabara. Kuna kitu amekiona. Ameomba kuona nini kingine?

mwana_wa_ntilie:
Ameomba madodoso yaliyojazwa. Nimempelekea yote 80. Akayageuza geuza, akauliza habari za stendi.

Nieleweke wakuu. Uchambuzi nilifanyiwa na jamaa wa steshenari, yule mwenye SPSS, programu ya takwimu, kwa sababu takwimu sizijui vizuri. Nusu ya darasa wamepita kwake na wamesainiwa. Mbona mimi tu?

Mmakonde_wa_Newala:
Samahani, madodoso yako yana tarehe gani?

mwana_wa_ntilie:
Tarehe 14 hadi 25 Aprili mwaka huu.

Mmakonde_wa_Newala:
Na wanafunzi walijibu kwamba hawaji shule kwa nini?

mwana_wa_ntilie:
Wengi wameandika "wiki hii niko shambani naokota korosho".

Mmakonde_wa_Newala:
Wanajamvi, hii ni chai. Nimezaliwa Newala, mikorosho ya baba nimeipanda kabla sijajua kusoma. Korosho tunaanza kuokota kuelekea Oktoba, na minada inaanza hapo hapo, mpaka mwaka unakatika. Aprili shambani kuna magugu na mvua. Hata salfa, dawa ya mikorosho, hatujaanza kupuliza. Hakuna mtoto wa Newala aliyeokota korosho wiki hiyo. Huyu hana msimamizi, hana utafiti, amekaa mahali anatutungia.

Bi_Hawa_wa_Pili:
Na mimi nimemwaga machozi hapa! Mods ondoeni huu uzi.

Chaki_na_Vumbi:
Nilijua.

Mhadhiri_Kimya:
Ngojeni. Mimi naona kisa ni cha kweli, na madodoso ndiyo ya kutunga. Kijana, Newala umewahi kufika?

mwana_wa_ntilie:
(baada ya saa tatu)

Sijawahi kufika.

Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, lilichelewa, na lilipoingia nilikuwa nadaiwa chumba miezi minne. Mwenye nyumba alishatoa godoro langu nje. Nikalipa. Nauli ya kwenda kusini na pa kulala wiki mbili ningetoa wapi? Kumwomba mama nilishindwa, najua anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua. Madodoso nilijaza chumbani na mwenzangu, kalamu za rangi tatu, yeye akiandika kwa mkono wa kushoto. Mada nilichagua kwa sababu niliona inajadiliwa sana.

Najua si sawa. Lakini watu wamefanya hivi na wamehitimu, wengine wanafundisha leo. Na utoro upo kweli, sijamsingizia mtu.

Mhadhiri_Kimya:
Bado hujajibu moja. Uliuliza ngazi ya juu. Ukifika kwa mkuu wa idara utasema nini?

mwana_wa_ntilie:
Barua ipo tayari, naipeleka Jumatatu. Nimeandika kwamba ameniomba laki tatu ndipo asaini.

Mhadhiri_Kimya:
Amekuomba?

mwana_wa_ntilie:
Si moja kwa moja. Alisema "utafiti una gharama zake". Mtu unaelewa. Wenzangu wameniambia bila barua ya namna hiyo hawatanibadilishia msimamizi. Tayari nimeichapa na kuisaini, naogopa kurudi nyuma.

Upendo_Asiyesahau:
Huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Mimi niliombwa. Kweli kweli, mlango umefungwa, mkono begani. Nikaandika barua ukurasa mmoja, mkono unatetemeka. Niliyempelekea akanitazama akasema, "Mwaka jana mwanafunzi mmoja alimsingizia mwalimu hapa baada ya kufeli, kwa hiyo tutachunguza kwanza." Hawakuchunguza. Nilirudia somo lile, nikamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Huyo aliyesingizia simjui, na hanijui, lakini nilibeba mzigo wake.

Kaka, chana hiyo barua leo. Mama huyo amekuuliza ulipanda nini badala ya kukupeleka kwenye kamati ya nidhamu. Alikuwa anakupa nafasi useme mwenyewe.

Mzee_wa_Makambako:
Chana mwanangu.

Mhadhiri_Kimya:
Jumatatu nenda kwake kabla hajapata wageni. Mwambie neno moja, "sikwenda", kisha nyamaza umsikilize. Adhabu inaweza kuwepo, siwezi kukuahidi kinyume. Mwombe akuelekeze namna ya kuomba kuongezewa muda. Mahafali ya mwaka huu yahesabu yamepita, na bumu usilitegemee. Dodoso si lazima. Daftari la mahudhurio la kila darasa lipo shuleni, unalinganisha Agosti na Novemba, na matokeo ya kidato cha nne NECTA, baraza la mitihani, wanayaweka shule kwa shule. Omba barua ya utambulisho ya chuo, upitie halmashauri, ndipo mkuu wa shule akufungulie kabati.

Bi_Hawa_wa_Pili:
Na mama yako mwambie wewe, asisikie kwa watu. Kitenge hakiozi.

Mmakonde_wa_Newala:
Nilikuita mtunzi, kwa hilo nisamehe. Kwa madodoso sikusamehi, umewaandikia wadogo zangu maneno ambayo hawakusema. Lakini msimamizi akikuruhusu, mwezi wa saba shule zikifunguliwa njoo. Shule ya kata ipo karibu na kwetu, mama yangu ana chumba, hutalipa. Maji tu utasaidia kuchota, huku juu ni ya shida.

mwana_wa_ntilie:
Nimeichana. Mwenzangu wa chumba ni shahidi. Mama nimempigia, akanyamaza muda mrefu, akaniuliza kama nimekula.

Kaka Mmakonde, kutoka stendi ya Newala hadi kwenu napanda nini?

Mmakonde_wa_Newala:
Bodaboda, hapo hapo stendi, inakufikisha mlangoni. Huo ni mwezi wa saba. Mwezi wa nne mvua inakata ile njia, wote tunatembea kwa miguu.