Kaka alizaliwa Jua likiwa kileleni. Kwa kanuni za Wagiriki wa kale, huo ni utawala au ni heshima ya mtaani?

BintiPangani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina kaka yangu, tumefuatana ziwa. Kazaliwa Tanga, Agosti 1986, siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa sita kasorobo mchana. Saa hiyo naiamini kwa sababu marehemu babu aliiandika siku ileile kwenye daftari lake la falaki, kwa herufi za Kiarabu, na chini yake akaandika: "Jua katika Asadi, juu ya vichwa vyetu." Hakuongeza kitu. Waliokuja baadaye ndio walioongeza. Mtaalamu mmoja alimwambia mama kwamba mtoto huyu atakalia kiti, na neno hilo likawa kama la pili kwa jina lake.

Amegombea udiwani mara mbili, 2015 na 2020, na mara zote mbili ameangushwa kwenye kura za maoni. Mara ya pili liliuzwa nusu ya shamba la minazi alilotuachia baba. Sasa anaongea habari za 2030 na macho yake yako kwenye nusu iliyobaki.

Sitaki kumvunja moyo, na sitaki kudanganywa tena. Ndiyo maana miaka miwili hii nimekuwa nikijifunza unajimu wa Wagiriki wa Misri na Rumi, akina Ptolemy na Vettius Valens, maana wao waliandika kanuni wazi ambazo mtu anaweza kuzikagua hatua kwa hatua. Nilipoanza niliona sihami mbali na nyumbani: daftari la babu lina "sahmu ssaada", kumbe ndiyo Kura ya Bahati ya Wagiriki (si kura ya sanduku, ni nukta inayohesabiwa kutoka Jua, Mwezi na nukta inayochomoza), iliyopita kwa Waarabu ndipo ikatufikia sisi.

Chati yake ninavyoiona, kwa nyumba za buruji nzima (kila buruji, yaani kila moja ya ishara kumi na mbili za nyota, ni nyumba moja, kuanzia ile inayochomoza mashariki saa ya kuzaliwa): inayochomoza ni Nge. Jua na Utaridi wako Simba, nyumba ya kumi. Mwezi na Mshtarii wako Samaki, ya tano, Mshtarii akirudi nyuma. Zohali yuko Mshale, ya pili. Mirihi yuko Mbuzi, ya tatu. Zuhura yuko Mizani, ya kumi na mbili. Kura ya Bahati inaangukia Mapacha, Kura ya Roho, hesabu ileile ikigeuzwa, inaangukia Ng'ombe.

Jua nyumba ya kumi, ndani ya Simba, buruji ambayo lenyewe ndilo bwana wake, tena uzao wa mchana. Mtu angetaka nini zaidi? Lakini nikiweka chati hii pembeni ya ile ya Hadrian, Kaisari wa Rumi, naona kuna kitu kinapungua na nashindwa kukitaja. Nisaidieni kukitaja.

MzeeWaBuruji

Marahaba binti. Umefanya vizuri kuleta na saa. Wengi huja hapa na tarehe peke yake wakitaka kujua kama watakuwa wabunge.

Kinachopungua ni watu. Naomba uniruhusu niende taratibu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Ptolemy, kitabu chake cha nne, anapofika kwenye habari za cheo haanzi kwa kuuliza Jua liko nyumba gani. Anaanza na mianga miwili, Jua na Mwezi: iko kwenye buruji za kiume? Iko kwenye pembe, yaani nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba au ya kumi? Kisha anauliza nani anaisindikiza. Neno lao ni *doryphoria*, ulinzi wa wabeba mikuki, wale wanaomzunguka mfalme akitoka. Jua linataka walinzi wanaochomoza kabla yake alfajiri, Mwezi unataka wanaoufuata nyuma. Mianga yote ikiwa kwenye buruji za kiume, ikashika pembe, na sayari tano zikaisindikiza, huyo ni mfalme. Jua likiwa kwenye ya kiume, Mwezi kwenye ya kike, na mmoja tu ukashika pembe, anashuka daraja: kiongozi mwenye mamlaka ya kuua na kuacha hai, lakini si mfalme. Walinzi wakiwa hawako kwenye pembe wala hawazitazami, inabaki heshima ya sehemu: msimamizi wa jambo fulani, mkuu wa kikosi. Anaendelea kushuka hivyo hadi kwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Ni ngazi, binti. Mtaalamu aliyemwambia mama "atakalia kiti" aliirukia ngazi ya juu bila kuzikanyaga za chini.

Sasa mtazame Hadrian. Chati yake tunayo kwa sababu mnajimu Antigonus wa Nicaea aliiandika, na mnajimu wa baadaye, Hephaestio wa Thebes, Misri, akainukuu. Kazaliwa Januari 24 mwaka 76, karibu na mapambazuko. Jua nyuzi 8 za Ndoo. Mwezi, Mshtarii na nukta inayochomoza, vyote vitatu kwenye nyuzi ya kwanza ya Ndoo. Mbele ya Jua, ndani ya Mbuzi, wametangulia Zohali na Utaridi, na Zohali hapo yuko kwake. Nyuma ya Mwezi, ndani ya Samaki, wanafuata Zuhura na Mirihi, na Samaki ndiko kwenye utukufu wa Zuhura, buruji anapopewa heshima ya juu. Mshtarii alibakiza siku saba tu atoke kwenye mng'ao wa Jua aonekane. Hakuna sayari iliyozurura. Antigonus anasema wazi kwamba sababu ya ukaisari ni hiyo: mianga yote miwili mlangoni, na walinzi pande zote. (Ukiipiga chati hii kwa programu za leo usishangae Jua likirudi nyuma kama nyuzi nne, majedwali yao hayakuanzia pale tunapoanzia sisi.)

Rudi kwa kaka. Jua Simba: la kiume na liko kwenye pembe. Mwezi Samaki: wa kike, na hauko kwenye pembe. Jua lina mlinzi mmoja, Utaridi, aliyelitangulia alfajiri. Mwezi una mmoja, Mshtarii, anayeufuata kwa karibu. Zohali, Mirihi na Zuhura kila mmoja yuko kwa shughuli zake, na Zuhura, mwenye kuleta mapenzi ya watu, kajifungia nyumba ya kumi na mbili. Walinzi wawili kati ya watano. Mimi nasoma hapa mtu anayeonekana, anayesikilizwa, na asiye na kundi.

Ptolemy anasema pia kwamba namna ya cheo inatoka kwa walinzi: Zohali huleta nguvu ya mali, Mirihi ya majeshi na hofu, Mshtarii na Zuhura ya kutoa na kupendeza watu, Utaridi ya akili na kuendesha mambo. Kaka ana Utaridi na Mshtarii. Hebu tuambie, watu wakija kwenu kumtafuta, wanamtafuta kwa lipi?

MapachaWaKisauni

Dada, naongeza la wakati, kwa sababu chati bila wakati ni ahadi isiyo na tarehe.

Valens anagawa maisha kwa kuanzia Kura ya Roho, akienda buruji kwa buruji, kila moja na miaka yake: Ng'ombe 8, Mapacha 20, Kaa 25, Simba 19, na kuendelea, kila mwaka siku 360. Vilele vya maisha ni pale zamu inapofika buruji iliyo pembe ya Kura ya Bahati (ya kwanza, ya nne, ya saba au ya kumi ukihesabu kutoka ilipo), na kilele kikubwa ni ya kumi kutoka hapo.

Nilijaribu kwanza kwa Hadrian (hesabu hii ni yangu, si ya Antigonus). Kwake Kura ya Roho ni Mbuzi, miaka 27. Mwaka 102 zamu inaingia Ndoo, na Kura ya Bahati iko humohumo Ndoo. Ndoo ni miaka 30, hadi 132. Ukaisari aliupata Agosti 117, ndani ya zamu hiyo. Mwaka 132 zamu inahamia Samaki alipo Mirihi, na mwaka huohuo Wayahudi wa Uyahudi wakainuka chini ya Bar Kokhba, vita iliyoua askari wake wengi. Nilipoiona nilisimama nikazunguka chumba.

Kwa kaka yako: Ng'ombe hadi karibu miaka minane. Mapacha, ilipo Kura yake ya Bahati, hadi Machi 2014. Kuanzia hapo ni Kaa hadi 2038, na Kaa haimo kwenye pembe za Bahati. Kwa maana hiyo kilele chake kirefu kilikuwa utotoni na ujanani, na chaguzi zote mbili alizoanguka ziko upande wa pili wa mpaka. Sikuandika hili kwa wepesi, dada. Najua linauma.

Lakini tazama ya kumi kutoka Mapacha. Ni Samaki, na ndani yake wamo Mwezi na Mshtarii, Mshtarii akiwa kwake. Kila zamu ndefu hugawanywa tena kwa buruji zilezile, na ndani ya zamu ndefu ya Kaa, zamu ndogo ya Samaki inaanza Januari 2027 na kudumu kama mwaka mmoja. Hakuna uchaguzi mwaka huo. Cheo chochote kitakachomjia hakitapita kwenye sanduku.

Tahadhari moja: hesabu hii inasimama juu ya ile saa ya babu. Angezaliwa robo saa kabla, Kura ya Roho ingerudi Punda na zamu zote zingebadilika. Angechelewa nusu saa, ingechomoza Mshale na Jua lingetoka nyumba ya kumi kwenda ya tisa.

HistoriaKwanza

Nawaheshimu wote, lakini niacheni niseme la upande wangu.

Antigonus anataja umri wa Hadrian kufa, miaka 62, na maradhi ya kujaa maji yaliyomuua. Maana yake aliandika Kaisari akiwa ameshazikwa. Ni rahisi kuona walinzi ukishajua nani alikuwa mfalme. Watoto wangapi walizaliwa alfajiri ile Rumi nzima na hawakutawala hata kijiji?

Na mwangalie Antigonus huyohuyo, kwenye maandiko hayohayo. Analeta chati ya kijana wa ukoo wa Hadrian, Pedanius Fuscus, kijana aliyedhaniwa kwamba angerithi. Aliuawa kwa amri ya Hadrian pamoja na babu yake Servianus, mzee wa miaka 90. Ishara za ukubwa ziliwatosha watu kumpa matumaini, na matumaini yakamuua.

Yupo na Mettius Pompusianus, seneta wa Rumi. Ilivuma kwamba nyota zake ni za kikaisari. Kaisari Vespasian aliposikia alimpa ukonsuli, cheo kikubwa cha serikali. Domitian, mtoto wa Vespasian, alipokuwa Kaisari akasikia habari ileile, alimuua. Nyota ni zilezile. Kilichobadilika ni aliyekaa kwenye kiti. Augustus, Kaisari wa kwanza, alijua hatari hii mapema, ndiyo maana mwaka 11 alikataza watu kuwauliza wanajimu faraghani, au kuulizia kifo cha mtu yeyote.

Wengi wetu tukisikia unajimu na siasa tunamkumbuka mnajimu wetu marehemu Sheikh Yahya Hussein, na jinsi nchi nzima ilivyokuwa ikinyamaza kumsikiliza. Neno la nyota likishatamkwa hadharani linafanya kazi yake lenyewe. Kwenu limeshauza nusu shamba. Hilo ndilo ningelichunguza kabla ya Zuhura.

BintiPangani

Nimesoma yote mara tatu, nikatoka nje nikakaa barazani kidogo.

Mzee, umeuliza wanamtafuta kwa lipi. Wanakuja kwa ugomvi. Wavuvi wawili wamechanganya pesa ya mashine ya boti, wanakuja kwake. Ndugu wanagawana mirathi na hawasemezani, wanamwita. Anawasikiliza, anaandika kwenye karatasi, anawasomea, wanatia saini na kuondoka wamepeana mikono. Halipwi. Sikuwahi kuliita hilo cheo. Utaridi anayeandika na Mshtarii anayepatanisha, na mimi nilikuwa namtazama Jua tu.

Kisauni, ulipotaja Machi 2014 nilisisimka. Kaka alikuwa kiranja mkuu shule ya msingi, na sekondari pia. 2009, ana miaka 23, alichaguliwa mjumbe wa serikali ya mtaa, mdogo kuliko wote. Uchaguzi uliofuata, mwishoni mwa 2014, akatoka. Tangu hapo anakitafuta kitu ambacho alishakuwa nacho.

HistoriaKwanza, nakushukuru zaidi ya unavyofikiri. Mama ndiye aliyelipokea lile neno, na ndiye anayelibeba mpaka leo. Kaka akikata tamaa yeye humpandisha.

Swali langu la mwisho kwa Mzee. Mirihi ndiye bwana wa buruji yake inayochomoza, na yuko Mbuzi, kwenye utukufu wake, nyumba ya tatu, ya ndugu. Ndugu yake ni mimi peke yangu. Nimwambie, au ninyamaze?

MzeeWaBuruji

Mwambie, na umwambie wewe, asilisikie kwa mtaalamu mwingine. Mirihi kwenye uzao wa mchana ana moto, hivyo usianze na lililopungua. Anza na karatasi za wavuvi. Mhesabie ni mangapi ameyamaliza mwaka huu, kwa majina, hadi naye ayaone. Zamu za Valens mweleze akikuuliza, na ile robo saa usimfiche.

Daftari la babu mpe alisome. Babu aliliona Jua pale juu na hakuandika neno la pili.

Na hati ya nusu shamba iko kwa nani?

BintiPangani

Kwa mama. Kesho Ijumaa nakwenda Pangani na basi la asubuhi, nitakaa naye yeye kwanza.