Samadari ya Bibi: gumzo la kikundi "Wana wa Bi Mwanakombo"

*Jumatano*

[06:52] Rukiya: Asalam aleikum jamaa zangu. Usiku wa tatu huu Swaleh hajalala. Fatma mkewe amenipigia saa kumi alfajiri analia. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, si kuweka dole gumba na kupita.

[06:54] Rukiya: Yuko ukumbini chini, godoro sakafuni, maana ngazi haziwezi. Kuinuka pale chini ndiyo adhabu yenyewe. Tumbo lina mshono, na choo kinamwita karibu kila saa. Kitanda chao cha juu ni cha chuma, fundi alikiunga humo humo chumbani, hakipiti mlangoni. Anataka kitanda chini, na anakitaka leo.

[06:55] Rukiya: La pili, nataka watu wa zamu ya usiku. Fatma hajapata lepe la usingizi tangu Jumatatu walipotoka hospitali.

[07:40] Hamisi: 🙏🏾

[07:41] Rukiya: Hamisi hiyo mikono ni unakuja ama ni dua?

[09:15] Yusuf: Da Rukiya, nimesoma kuhusu upasuaji wake. Wametoa utumbo mpana wote, halafu ncha ya utumbo mwembamba ikakunjwa ikashonwa kuwa mfuko huko ndani, ili aende choo kama watu wote. Walioanza ni Parks na Nicholls, London, mwaka 1978. Mfuko wao ulikuwa na umbo la S. Mwaka 1980 Mjapani Utsunomiya akaleta umbo la J. Wa Swaleh ni J.

[09:16] Hamisi: Swaleh na J wapi na wapi? Si wangempa S yake

[09:16] Mwinyi: J ya Jumwa wa Kongowea hiyo 😂😂

[09:17] Hamisi: 😂😂😂 yakhe umeua

[09:19] Rukiya: Fatma yumo humu.

[09:20] Mwinyi: _Ujumbe huu umefutwa_

[09:31] Fatma: Nimeona. Sina hata nguvu ya kukasirika.

[09:34] Fatma: Naombeni mito na matakia tu. Yangu imelowa jasho, stima ilikatika saa saba usiku na feni ikazima. Akilala chali baada ya muda mgongo unawaka. Akigeuka mshono unamvuta. Enzi za kile kifuko cha choo kilichokuwa nje ya tumbo, alizoea ubavu wa kushoto asije akakilalia. Sasa kifuko kimeondolewa, mahali pake upande wa kulia pana kidonda kibichi, na yeye ameingiwa na hofu kwamba ubavu wowote utamfungua. Analala ameketi, kichwa ukutani. Akikimbilia choo anajikwaa kwenye chandarua.

[09:50] Rukiya: Mnasoma lakini?

[09:58] Rukiya: Basi niseme mimi. Samadari ya Bibi, kile kitanda chake cha nguzo, iko kwa Ami Abdalla, Mtongwe. Inafumuliwa, inaungwa upya, inaingia mlango wowote, na ina nguzo za kufungia chandarua juu kisiburuze chini. Shikamoo Ami. Tunaiomba kwa ajili ya Swaleh.

[12:10] Rukiya: Watu 19 wameona. Aliyejibu hakuna.

[13:02] Shangazi Zuena: Samadari ipi? Ile iliyopanda ferry siku ya hitma ya mama, sahani hazijaoshwa?

[13:20] Ami Abdalla: Marahaba Rukiya. Zuena, mimi nilipewa na mama kwa mdomo wake.

[13:21] Shangazi Zuena: Mashahidi walikuwa nani, minazi?

[13:24] Ami Abdalla: Na cherehani iko kwa nani? Mwenye kuniuliza kitanda aanze na cherehani.

[13:25] Hamisi: Kumbe cherehani ndiyo iliyoshona hiyo J

[13:25] Rukiya: HAMISI

[13:26] Ami Abdalla: Tena mambo ya minazi nisichokozwe. Hesabu ya mwaka ule ninayo kwenye daftari.

[13:30] Rukiya: Ami, shangazi, nawashika miguu. Kuna mtu hajalala siku tatu.

[15:12] Nasra: Nimetoka zamu ya kazini sasa hivi, ndio nasoma. Ndugu zangu, yeyote atakayekaa na Swaleh leo asikilize.

[15:14] Nasra: Alale chali kwanza, kichwa na mabega yameinuliwa kidogo kwa mito, na CHINI YA MAGOTI takia moja nene. Magoti yakikunjika misuli ya tumbo inalegea, mshono hauvutwi, na mgongo unapumzika. Wengi wanamlaza mgonjwa amenyooka kama ubao, hapo ndipo mgongo unapowaka.

[15:17] Nasra: Akitaka ubavu, aanze wa kushoto, kidonda kibaki juu. Takia moja katikati ya magoti, jingine alikumbatie tumboni ili tumbo lisining'inie. Fatma, ubavu hautamfungua. Mshono unaumizwa na kujinyanyua kwa nguvu za tumbo na kubeba vitu vizito. Ndoo ya maji asiiguse wiki sita hivi, au mpaka daktari wake amruhusu. Kifudifudi kwa sasa hapana.

[15:20] Nasra: Kuinuka ndiko kunakomtesa zaidi. Asikurupuke akaketi. Akunje magoti, ajiviringishe mwili mzima kwa pamoja kama gogo mpaka ubavuni, ateremshe miguu nje ya kitanda, huku akijisukuma kwa kiwiko na kiganja. Mikono ndiyo ifanye kazi, tumbo likae kimya. Kikohozi au chafya ikija, ashike leso iliyokunjwa abane kidonda.

[15:21] Nasra: Kwa hivyo sakafuni hapana kabisa. Kitanda kiwe kimo cha goti, akiketi nyayo zikanyage chini sawasawa.

[15:40] Mwinyi: Jirani yangu ana kitanda cha kamba, naweza kukichukua jioni hii

[15:44] Nasra: Kinabonyea katikati. Atajikunja humo na kutoka hatatoka.

[15:52] Fatma: Nasra mamangu, na hiki choo? Jana usiku mara saba. Nimeogopa kumwambia mtu. Kuna wakati hakuwahi.

[16:03] Nasra: Usione haya, ni hali ya wengi mwanzoni. Utumbo mpana ndio uliokuwa ukinyonya maji, sasa haupo. Na mfuko wenyewe ni mchanga, bado mdogo. Miezi ikienda unatanuka, na wengi wanashuka mpaka mara nne hadi nane kwa siku nzima, usiku mara moja au mbili. Chakula cha jioni kiwe mapema, muda wa kama saa tatu kabla ya kulala. Wali laini, ndizi, viazi. Pilipili iwekwe kando. Lakini maji msimpunguzie hata kidogo! Anywe mchana kutwa, na maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, maana anapoteza chumvi nyingi. Dawa ya kufunga choo asimpe mtu mpaka daktari wake aseme.

[16:05] Nasra: Akitoka chooni aoshwe kwa maji, akaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, apakwe malhamu ya zinki. Ngozi ikichubuka hatalala hata mkimpa kitanda cha sultani. Tandikeni kitambaa cha mpira chini ya shuka, na leso ya akiba iwe karibu, basi hana haja ya kukaa macho kwa hofu.

[16:06] Nasra: Homa, kutapika, tumbo kuvimba na choo kukatika ghafla, usaha, mguu mmoja kuvimba, au mkojo kuwa kidogo na mweusi huku kichwa kinazunguka: hapo msiandike humu. Mpelekeni.

[16:30] Fatma: Allah akulipe. Nimemsomea yote. Ameniuliza jambo moja tu, atasujudu vipi.

[17:48] Yusuf: Bi Mkubwa, mzee wetu, amenituma niweke maneno yake. Sauti yake haisikiki vizuri kwa upepo, kwa hivyo nimeandika kama alivyosema:

[17:49] Yusuf: "Swaleh, sali umeketi kitini, au umelala. Mungu hakukupa dini ikupasue mshono.

Abdalla. Mimi ndiye niliyemwosha mamako. Samadari ile alikuzaa juu yake wewe, akamzaa Zuena, akamzaa baba yake Swaleh. Siku zake za mwisho hakunitajia kitanda. Alinitajia nyinyi. Mgonjwa hangojei mirathi. Kilete. Swaleh akishapona mniulize mimi kinakwenda wapi.

Zuena, na wewe cherehani itoe chini ya hayo magunia."

[17:49] Yusuf: Mwisho wa maneno yake.

[18:35] Ami Abdalla: Nimesikia Bi Mkubwa.

[18:41] Shangazi Zuena: Nimesikia mama.

[18:44] Rukiya: Alhamdulillahi. Sasa kazi. Ami, itafumuliwa leo?

[18:59] Ami Abdalla: Leo giza limeshaingia. Kesho baada ya Adhuhuri. Pikapu itavuka ferry lakini vichochoro vya Mji wa Kale haitaingia. Ni mkokoteni kutoka barabarani mpaka mlangoni.

[19:02] Nasra: Ami samahani, ile samadari si ndefu sana? Tulikuwa tunapanda kwa kibao tukiwa wadogo. Swaleh akiketi miguu itaning'inia. Matendegu itabidi yapunguzwe.

[19:03] Ami Abdalla: Msumeno hautagusa tendegu la mama yangu.

[19:05] Mwinyi: Si aweke kibao cha kupandia

[19:06] Nasra: Usiku wa manane, mtu anakimbilia choo, kibao chini ya mguu? Ataanguka.

[19:10] Rukiya: Basi tuweke godoro jembamba la inchi nne na chaga zishushwe. Ami, chaga zinashuka?

[19:10] Rukiya: Ami?

[19:38] Rukiya: Zamu za usiku. Nakopi, kila mtu aongeze jina lake:
Leo: Rukiya
Alhamisi:
Ijumaa: Mwinyi
Jumamosi:

[19:45] Mwinyi: Ijumaa kama nitatoka kazini mapema Da Rukiya

[19:52] Shangazi Zuena: Nitaleta matakia manne ya pamba. Yalikuwa ya mama pia, kabla hamjauliza.

[20:15] Hamisi: Da Rukiya nisamehe kwa ya asubuhi. Ninaogopa tu, ndio maana nachekacheka. Nitakuja na feni ya betri sasa hivi. Na Alhamisi niandike mimi.

[20:16] Rukiya: Njoo mdogo wangu. Mlango uko wazi.

*Alhamisi*

[03:22] Swaleh: Nimelala ubavu wa kushoto saa mbili nzima. Takia magotini, takia tumboni, Hamisi anapunga feni kwa mkono maana betri imekwisha.

[03:23] Nasra: Mashallah. Na sasa mbona uko macho?

[03:25] Swaleh: Nimetoka choo. Nimejiviringisha kama gogo. Da Rukiya amelala kwenye mkeka, msimpigie. Fatma pia.

[05:48] Ami Abdalla: Asubuhi njema. Chaga hazishuki, nimetazama kwa tochi, zimepigiliwa misumari. Nani anamjua fundi mwenye adabu? Na hamali wa mkokoteni anataka kujua ni mlango wa mbele ama wa uani.

[07:30] Shangazi Zuena: Wa uani. Wa mbele una kizingiti.

[07:31] Shangazi Zuena: Abdalla, hiyo misumari alipigilia nani?