Naambiwa nikae na mwanangu darasani ndipo apokewe nasari. Nifanyeje?

MamaWaMtopanga: Assalam aleikum wenzangu. Kijana wangu ana miaka 5, ana usonji. Hajaanza kuzungumza, ila akitaka maji hunishika mkono akanipeleka hadi kwa mtungi. Juzi nilimpeleka shule moja ya umma huku Kisauni yenye nasari ya watoto maalum. Wako 18, mwalimu ni mmoja. Msaidizi aliacha mwaka jana, posho yake ilikuwa michango ya wazazi, ikakatika. Mwalimu alimtazama mwanangu, aliyekuwa mlangoni akipanga makubadhi ya wenzake mstari mmoja, akaniambia kwa upole: "Mama, ukae naye. Ama urudi muhula ujao, huenda tukapata mtu."

Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Nikikaa darasani tutakula nini? Nikimrudisha nyumbani, mwaka ndio huo umekwenda.

BabaPacha: Nenda kaunti ukawashike mashati. Nasari ni zao.

MwalimuMstaafu: Baba Pacha kapata nusu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limewapa kaunti elimu ya chekechea, elimu maalum ikabaki kwa serikali kuu. Sasa chekechea ya watoto maalum ni ya nani? Mimi nimeifundisha. Nikiomba mwalimu wa pili, kaunti hunituma TSC, ile tume ya kuajiri walimu, na TSC hunirudisha kaunti, ati PP1 na PP2, madarasa ya chekechea, hayawahusu. Msaidizi ndiye yatima kabisa, hutegemea bodi ya shule na mifuko yenu.

Dada, hilo la muhula ujao usilikubali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu. Usiende nayo kama panga, maana mwalimu huyo naye kaelemewa. Hakikisha tu jina limeingia rejista wiki hii. Mtoto anayengojea nyumbani hahesabiki, na hedi akipeleka hesabu ya 18 badala ya 19, huko ofisini wataona mambo yanakwenda. Umempeleka EARC?

MamaWaMtopanga: Nina karatasi ya hospitali tu. EARC ndiyo nini?

MwalimuMstaafu: Vituo vya kuwapima watoto kielimu, vipo tangu 1984. Daktari amekwambia mtoto ana nini. EARC watakwambia asome wapi na kwa msaada gani. Ulizia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu, na uwaombe waandike waziwazi kama anahitaji msaidizi.

NyanyaWaLikoni: Mwanangu, jihadhari na huko kukaa. Mimi niliombwa siku mbili kwa mjukuu wangu, nikamaliza muhula. Wiki ya tatu nilikuwa nabadilisha nepi za watoto wanne wasio wangu, huku mwalimu akimkimbilia wa tano aliyeshika njia ya geti. Simlaumu. Lakini shule ikishakuzoea haitafuti mtu tena. Ukikubali, taja siku, taja saa, na utaje mwisho wake.

BabaPacha: Kwani wazazi 19 hawawezi kupokezana? Kila mtu zamu moja kwa mwezi, kwisha.

NyanyaWaLikoni: Baba Pacha, wewe ushawahi kumpeleka msalani mtoto asiyekujua, na mlango wenyewe haufungi? Watoto hawa wakiona sura mpya kila asubuhi, hadi saa sita ni kilio. Wawe watu wawili au watatu, wale wale.

BabaPacha: Haya nyanya, nimenyamaza.

MamaWaMtopanga: Nimerudi, ahsanteni. Jina limeandikwa, nimeliona kwa macho yangu, namba 19, kwa kalamu ya bluu. Tumekubaliana nikae Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nne mahamri yakishaisha, mpaka shule zifungwe na si zaidi. Mama mwengine kachukua Jumatatu na Jumatano. Ijumaa haina mtu bado, kwa hivyo Ijumaa atabaki nami kibandani. EARC tunakwenda wiki ijayo. Hedi kasema wazazi tuandike barua moja ya kuomba mwalimu, iende kaunti na TSC siku moja, kila ofisi ione nakala ya mwenzake. Mwalimu, barua kama hiyo huanzaje?